Hoteli ya nyota: unalipia nini hasa? Mwongozo kwa wakaaji wa Uvira na kando ya ziwa

Mtu wa Uvira anaweza kuishi miaka mingi bila kulala kwenye hoteli kubwa. Lakini siku inafika. Mtoto anapanda ndege kwenda masomo, mgonjwa anapelekwa kwa daktari ngambo, shirika linakuita kwenye mafunzo, ao harusi ya familia inafanyika Bujumbura na wewe ndiye unaambiwa utafute mahali pa kulaza wageni. Tangu mwanzo wa 2025, vita ilipofunga viwanja vya ndege vya Goma na Kavumu, wanainchi wengi wa Kivu ya Kusini wenye kupanda ndege wanapitia Bujumbura. Mpaka ukiwa wazi, wanavuka Kavimvira, wanapita Gatumba, na usiku unawakuta kule.

Hapo ndipo swali linaanza. Kwenye mlango wa hoteli kuna nyota nne ao tano. Bei ya usiku mmoja inaweza kupita kodi ya nyumba ya mwezi mzima hapa kwetu. Je, ile feza inalipa nini? Na mtu atajuaje kama alichopewa kinalingana na alicholipa?

Mwandishi wa makala hii alilala usiku mbili kwenye hoteli moja kubwa ya Bujumbura, karibu na ziwa, wakati wa mafunzo ya wapashaji habari. Jina la hoteli hatuliandike, sababu mambo tuliyoona pale yanaweza kukutwa kwenye hoteli nyingi za eneo letu. Tunachotaka ni msomaji aende akiwa na macho wazi.

Nyota zilitoka wapi

Nyota hazikuanza kwenye hoteli, zilianza kwenye vitabu. Katika karne ya 19, vitabu vya wasafiri vya Karl Baedeker, vilivyochapishwa Ujerumani, viliweka alama ya nyota pembeni ya vitu vilivyostahili kuonwa na mahali palipostahili kulala. Baadaye serikali na vyama vya wenye hoteli vilichukua alama ileile kupanga hoteli kwa madaraja, kutoka nyota moja mpaka tano.

Jambo la kwanza la kukumbuka: hakuna ofisi moja ya dunia nzima yenye kugawa nyota. Kila inchi ao kila kundi la inchi lina kanuni zake. Kwa hiyo nyota nne za Paris, nyota nne za Nairobi na nyota nne za Kinshasa si lazima ziwe kitu kimoja. Na mahali pengi nyota ya mwisho ni ya tano. Watu wanasimulia juu ya "hoteli ya nyota saba" ya Dubai, Burj Al Arab, iliyofunguliwa 1999. Ile saba ilitoka kwenye midomo ya watu wa magazeti. Hakuna serikali iliyoitoa.

Nani anagawa nyota kwetu

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, inchi wanachama zilikubaliana kanuni za pamoja za kupanga hoteli. Burundi iko ndani ya Jumuiya tangu 2007. Inchi yetu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, ilipokelewa Machi 2022 na ikawa mwanachama kamili Julai mwaka uleule. Wakaguzi wenye kufuata kanuni zile wanaingia na karatasi mkononi. Wanatazama jengo, chumba, choo na bafu, jiko, usalama wa moto, mafunzo ya wafanyakazi, na huduma kama simu, kufua nguo na chakula cha chumbani. Kuna vitu vya lazima, ambavyo vikikosekana hoteli haipati daraja, na kuna vitu vya kuongeza pointi. Tena hoteli ya mjini haipimwi sawa na hoteli ya mapumziko ao kambi ya watalii porini.

Kwetu Congo, mambo ya hoteli yako chini ya Wizara ya Utalii. Kuna Ofisi ya Taifa ya Utalii, na kuna Mfuko wa kuendeleza utalii, ule unaojulikana kama FPT, ambao unakusanya mchango kwa wenye hoteli.

Lakini ukitembea katika miji yetu utaona nyota zilizopakwa rangi ukutani bila karatasi yoyote nyuma yake. Mwenye nyumba amejenga ghorofa, ameweka vigae, amechora nyota. Kwa hiyo swali la kwanza kwenye mapokezi ni rahisi, na si aibu kuliuliza: "Hizi nyota, nani aliwapa, na mwaka gani?" Hoteli yenye cheti huwa inakitundika ukutani. Tazama tarehe. Nyota ya zamani inasema juu ya godoro la zamani.

Na hata cheti kikiwa cha kweli, kinaonyesha mambo yalivyokuwa siku ile mkaguzi alipopita. Hakikuambii kama leo usiku maji yatatoka.

Hoteli kubwa katika historia ya eneo letu

Katika eneo la Maziwa Makubwa, hoteli kubwa zimekuwa zaidi ya mahali pa kulala. Pale ndipo watu wa serikali, wafanyabiashara na wageni wanakutana, na mambo makubwa yametokea ndani yake.

Tarehe 13 Oktoba 1961, mwana wa mfalme Louis Rwagasore, waziri mkuu wa Burundi, alipigwa risasi akiwa kwenye chakula katika Hôtel Tanganyika, mjini Usumbura, jina la zamani la Bujumbura. Burundi ilikuwa bado haijapata uhuru. Mpaka leo tarehe ile ni siku ya kumbukumbu katika inchi jirani.

Mwaka 1994 huko Kigali, wakati wa mauaji ya kimbari, zaidi ya watu elfu moja walijificha katika Hôtel des Mille Collines, hoteli ya kifahari iliyofunguliwa katika miaka ya 1970. Maji ya bomba yalipokatwa, watu walikunywa maji ya pisini. Kitu kilichojengwa kwa ajili ya starehe ya wageni kikawa kisima cha kuokoa roho.

Tunakumbusha haya sababu yanafundisha kitu juu ya hoteli yoyote. Ukiondoa mapambo, hoteli ni mahali ambapo mtu anapata maji, mwanga, mlango unaofungwa na mtu wa kumtazama. Hayo manne ndiyo ya kupima kwanza.

Kufika

Kutoka Uvira mpaka Bujumbura ni chini ya kilomita 30, lakini safari inapimwa kwa saa za kusubiri mpakani. Hoteli nyingi za kando ya ziwa ziko kwenye barabara ile yenye kutoka kwetu. Warundi wenyewe wanaiita Chaussée d'Uvira, kwa hiyo mtu wa Uvira anafika akiwa kwenye barabara yenye jina la kwao.

Nilifika saa tisa za alasiri, vumbi la Gatumba bado liko kwenye viatu. Mlinzi alifungua lango, kijana akachukua begi bila kuniuliza, na dada wa mapokezi akasimama. "Mama, karibu sana. Pole na safari." Alinipa glasi ya maji ya machungwa yenye barafu. Mambo kama hayo ndiyo yanayoitwa huduma, na lazima tuseme ukweli: yanafurahisha. Mtu aliyesimama kwenye foleni ya mpaka tangu asubuhi, akipewa kiti na kinywaji baridi, anasahau nusu ya uchovu.

Chumba kilikuwa safi. Kitanda kipana, shuka nyeupe, chandarua kizima bila tundu, kiyoyozi, televisheni, meza ya kuandikia. Dirisha lilitazama ziwa. Ngambo nikaona milima yetu ya Mitumba, jua likishuka nyuma yake. Wageni wengine walikuwa wakipiga picha. Mimi nilikuwa nikitafuta Kalundu iko wapi.

Maji

Usiku wa kwanza maji ya moto yalitoka vizuri. Asubuhi ya pili, saa kumi na moja, nilifungua robine na ikatoa hewa tu. Nilipiga simu. Baada ya dakika kumi mama wa usafi aligonga akiwa na ndoo mbili. "Mama, utusamehe. Maji ya mji imekatika, na tanki ya juu imeisha. Njo nimekuletea hii." Alikuwa amezipandisha kwa ngazi mpaka ghorofa ya tatu.

Nilioga kwa kikombe, kama nyumbani. Tofauti ni kwamba nyumbani ile ndoo sikuilipia bei ya hoteli.

Hapa wasomaji wa Uvira wananielewa bila maelezo. Bomba letu linategemea mto Mulongwe, ambapo REGIDESO inachukua maji na kuyasafisha. Kule Bujumbura pia shirika la maji linaitwa REGIDESO, lakini ni lingine, na sehemu kubwa ya maji yake yanavutwa kutoka ziwani. Pande zote mbili, umeme ukikatika pampu zinasimama, na pampu zikisimama robine zinakauka. Hoteli kubwa inajilinda kwa kuweka matanki yake. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama hoteli ina maji, sababu kila hoteli itasema ndiyo. Uliza hivi: "Matanki yenu yanaweza kuhudumia hoteli iliyojaa kwa siku ngapi?" Mapokezi ya hoteli nzuri wanajua jibu.

Mambo ya maji si ya starehe tu. Uvira inajulikana na watafiti wa dunia kama moja ya miji ambayo kipindupindu hakiishi. Mwaka 2015 watafiti wa London School of Hygiene and Tropical Medicine na wenzao walichapisha utafiti juu ya mji wetu. Walilinganisha maji yaliyotolewa na REGIDESO na wagonjwa waliopokelewa kwenye kituo cha kutunza kipindupindu, tangu 2009 mpaka 2014. Waliona kwamba baada ya siku bila maji ya bomba, katika siku 12 zinazofuata wagonjwa waliongezeka zaidi ya mara mbili. Bomba likikauka, watu wanashuka ziwani na mitoni na bidoni zao, na ugonjwa unapanda nao kurudi nyumbani.

Kisha ikaja mvua ya usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 Aprili 2020. Mulongwe ulitoka njia yake, ukaua watu makumi, ukabeba nyumba, na ukaharibu mitambo ya maji. Wenye kukaa Kasenga, Mulongwe na Nyamianda wanakumbuka wiki zilizofuata.

Kwa hiyo mgeni akilalamika kwamba hoteli imekosa maji nusu siku, ana haki, amelipa. Lakini sisi tunajua nyuma ya ukuta wa hoteli kuna kata nzima yenye kusubiri maji yaleyale. Hoteli nzuri ni ile ambayo haimalizi maji ya majirani kwa kujaza pisini. Ukiona pisini imejaa na chumba hakina maji, andika hilo kwenye maoni yako.

Umeme

Umeme ulikatika mara tatu katika siku mbili. Kila mara jenereta iliwaka ndani ya dakika moja, na taa zikarudi. Hiyo ni alama nzuri. Alama mbaya ni kwamba ile jenereta ilikuwa chini ya dirisha la majirani zangu wa mafunzo, na hawakulala.

Wengi hawajui kwamba mwanga wa Uvira na sehemu ya mwanga wa Bujumbura unatoka kwenye mto mmoja. Ruzizi inatoka Ziwa Kivu pale Bukavu na kushuka mpaka kwetu. Njiani kuna bwawa la Ruzizi ya kwanza, lililoanza kazi mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ruzizi ya pili ya 1989, ambayo ni ya inchi tatu pamoja: Congo, Rwanda na Burundi. Maji ya Ziwa Kivu yakipungua ao mashine ikiharibika, giza linaingia pande zote za mpaka.

Jenereta nayo inakula mafuta, na Burundi imekuwa na upungufu mkubwa wa mafuta katika miaka hii. Uliza jenereta inawashwa saa ngapi mpaka saa ngapi. Hoteli zingine zinaizima saa sita za usiku, na hapo kiyoyozi kinasimama na joto la ziwa linaingia. Uliza pia iko upande gani wa jengo, kisha chagua chumba cha upande mwingine. Kusogeza chumba hakulipishwi kitu kama kuna nafasi.

Usiku wa pili nilitoka kwenye veranda. Upande wa hoteli taa zote zilikuwa zinawaka. Ngambo, mahali Uvira iko, kulikuwa giza kabisa, isipokuwa taa chache za wavuvi juu ya maji. Nilipiga simu nyumbani. Mdogo wangu alijibu: "SNEL imekata tangu mchana, Ya. Wewe uko na umeme?" Sikujua nimjibu nini.

Ziwa

Karibu hoteli zote za kifahari za eneo letu zinauza kitu kimoja: maji ya ziwa mbele ya macho. Lakini Tanganyika halikai mahali pamoja. Mto wake wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, pale Kalemie, na mvua ikizidi miaka kadhaa mfululizo ziwa linapanda. Mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, lilipanda mpaka kuingia kwenye nyumba, barabara na hoteli. Uvira, watu wa Kalundu na Kavimvira waliona vyumba vyao vikijaa maji. Bujumbura na Gatumba ilikuwa vilevile, na kuna fukwe za starehe ambazo watu walikuwa wakikaa kwenye viti, siku hizi viti vile viko ndani ya maji.

Sheria ya maji ya Burundi ya 2012 inakataza kujenga ndani ya mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika. Ukitembea ufukweni utahesabu mwenyewe majengo yaliyo karibu zaidi. Kwa mgeni, maana yake ni hii: picha ya hoteli uliyotumiwa kwa simu inaweza kuwa ya mwaka ambao ufukwe ulikuwa bado upo. Omba picha ya wiki hii.

Kwa mwenye feza anayetaka kujenga hoteli Uvira, maana yake ni nzito zaidi. Kuna watu wameweka akiba ya maisha yote kwenye ukingo wa maji, na ziwa likaichukua. Wazee wetu walikuwa wakijenga juu kidogo, na ziwa walikuwa wakiliona vilevile.

Na jambo la mwisho la ziwa: jioni viboko wanapanda kula majani, hata karibu na hoteli za Bujumbura, na mamba wako, zaidi upande wa mlango wa Ruzizi. Hoteli ikikuambia usiogelee saa fulani, isikilize.

Chakula

Chakula cha asubuhi kilikuwa kingi: mayai, mikate, matunda, maziwa, kahawa nzuri ya Burundi. Jioni niliagiza mukeke wa kuchoma. Ulikuja baada ya saa moja na nusu, ukiwa mtamu lakini umekauka, na mhudumu alikubali kwa heshima kwamba ulitoka kwenye friji.

Si lazima tulaumu jiko. Mwaka 2024 inchi nne zenye kugawana Tanganyika zilisimamisha uvuvi kwa miezi mitatu, katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Katika miezi ya kufunga, hoteli yenye kukuambia "mukeke wa leo" inakudanganya ao inanunua kwa wenye kuvunja sheria. Uliza: "Samaki huyu alivuliwa lini?" Ukijibiwa ukweli, jiko lile ni la kuaminika hata kwa vitu vingine.

Fakitire

Hapa ndipo wengi wetu wanaumia. Bei iliyosemwa kwenye simu si lazima iwe bei ya mwisho. Tuchukue mfano wa chumba cha dola 100 bila kodi. Burundi kodi ya TVA ni 18 kwa 100, kwa hiyo usiku mmoja unakuwa dola 118, na usiku mbili 236. Congo TVA ni 16 kwa 100, ulianza Januari 2012, kwa hiyo chumba kilekile kingekuwa 116. Juu ya hapo kunaweza kuwa na mchango mwingine wa utalii ao wa huduma. Uliza mapema: "Bei hii ina kodi zote ndani?"

Jambo la pili ni feza. Burundi kiwango cha benki na kile cha barabarani vimeachana sana. Uliza utalipa kwa dola ao kwa franka za Burundi, na kwa kiwango gani, kisha waandike. Dola yenye alama, iliyopasuka ao ya zamani inaweza kukataliwa, kama munavyojua.

Jambo la tatu ni friji ndogo ya chumbani. Maji ya chupa mbili yaliyowekwa mezani mara nyingi ni ya bure. Yale ya ndani ya friji yanalipwa, na bei yake si ya dukani.

Asubuhi ya kuondoka, fakitire yangu ilikuwa na mashati matatu ya kufua. Sikuwa nimefua hata kitambaa. Nilisema kwa utaratibu, dada wa mapokezi akatazama daftari, akaona ni ya chumba cha jirani, akaomba radhi na kufuta. Ilichukua dakika tano. Kama ningelipa bila kusoma, ile feza ingekwenda. Soma fakitire mstari kwa mstari, usiku kabla ya kuondoka, si asubuhi wakati gari linapiga honi.

Watu wanaofanya kazi pale

Hoteli haina mikono isipokuwa ya wafanyakazi wake. Yule mama wa ndoo alikuwa amefika kazini kabla ya mapambazuko. Nilimuuliza kama analala hotelini. "Hapana, Mama. Natembea. Siku hizi gari ni ngumu, mafuta hakuna." Alisema vyumba anavyopanga kila siku ni vingi, na ghorofa hazina lifti. Nyumbani kwake pia maji yalikuwa yamekatika.

Matabishi si lazima, lakini yana adabu yake. Usiyaache mezani bila neno, sababu mtu mwingine anaweza kuyachukua, ao yeye mwenyewe akaogopa kushitakiwa. Mpe mkononi na umwambie ni ya nini. Na ukiandika maoni kwenye daftari la hoteli, taja kazi nzuri ya mtu wa usafi ao wa jikoni. Bosi husoma daftari lile. Lawama zikiwa za tanki ao jenereta, andika kwamba ni za tanki ao jenereta, ili adhabu isiangukie mtu aliyebeba ndoo.

Maswali ya kuuliza kabla hujalipa

1. Nyota zenu zilitolewa na nani, mwaka gani?
2. Bei hii ina TVA na michango yote ndani? Na chakula cha asubuhi?
3. Nitalipa kwa feza gani, kwa kiwango gani?
4. Matanki ya maji yanatosha siku ngapi?
5. Jenereta inawaka saa ngapi mpaka saa ngapi, na iko upande gani?
6. Chandarua kipo, na ni kizima?
7. Mlango wa chumba unafungwa kwa ndani? Kuna njia ya pili ya kutoka moto ukiwaka?
8. Nikiahirisha safari sababu mpaka umefungwa, munarudisha kiasi gani?
9. Nitapewa fakitire yenye muhuri?

Swali la nane ni muhimu zaidi kwa sisi wa Uvira. Mpaka unaweza kufungwa bila taarifa, na feza ya mapema ikapotea. Omba jibu kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu.

Tuseme nini juu ya ile hoteli?

Chumba kizuri, wafanyakazi wenye heshima, usalama wa kutosha, mwanga wa uhakika. Maji yalikosekana asubuhi moja, kelele ya jenereta iliwasumbua wengine, chakula cha jioni kilichelewa, na fakitire ilikuwa na kosa lililorekebishwa. Kama ningekuwa mkaguzi ningetoa nyota tatu, na ya nne ningeiacha kwenye droo mpaka waongeze tanki.

Hoteli zetu za Uvira nyingi hazina pisini wala lifti, lakini maswali tisa hapo juu zinaweza kuyajibu. Mwenye hoteli ya vyumba kumi Kimanga ao Kabindula, akiwa na tanki zuri, chandarua kizima, mlango unaofungwa na fakitire ya ukweli, atapata wageni wanaopita kila wiki kuelekea Bujumbura. Feza ile ingebaki upande huu wa mpaka.

Nilirudi nyumbani saa nane za mchana. Robine yetu ilikuwa kavu bado, na watoto walikuwa wamepanga bidoni kwenye mstari mbele ya ile ya jirani. Nikaweka begi chini, nikachukua bidoni yangu, nikasimama nyuma yao.